UKIULIZWA UDHAIFU WAKO, JIBU NINI?



Msimu wa korosho ukikaribia, mwezi Oktoba hivi, vyama vya msingi vya mkoa wetu wa Mtwara huhitaji watu wa kazi. Anatakiwa karani wa mizani. Anatakiwa mtunza ghala. Wanatakiwa walinzi na wapakiaji. Nasi wa Kitaya, tukishavuna mpunga wetu wa bonde la Ruvuma, tunazitamani kazi hizo. Lakini kazi ni chache na waombaji ni wengi. Kwa hiyo waombaji huitwa mmoja mmoja, wakaulizwa maswali. Huo ndio usaili. Wengi wetu tunasema intavyuu.

Usaili si jambo la wasomi wa mjini tu. Mwaka 2022, kabla ya Sensa ya tarehe 23 Agosti, watu wengi nchini walioomba ukarani wa sensa walifanyiwa usaili. Basi hata sisi wa vijijini yafaa tujiandae.

Swali moja huwatoa watu jasho. Nalo ni hili: "Ndugu, tueleze udhaifu wako."

Swali hili ni gumu kwetu. Tumelelewa kwamba kujisifu mbele ya wakubwa ni aibu. Na kujianika mbele za watu ni aibu vilevile. Basi mtu huinama, hukuna kichwa, halafu husema, "Sina."

Kwa nini wanauliza?

Wanaouliza hawatafuti malaika. Wanajua kila mtu ana kasoro. Wanataka kujua mambo mawili. Je, mtu huyu anajijua? Na je, akikosea atasema, au ataficha?

Tuchukue mfano wa mizani. Tangu mwaka 2007 korosho za mkoa huu huuzwa kwa stakabadhi ghalani. Mkulima hapati fedha papo hapo. Anapeleka mzigo chamani, unapimwa, kilo zinaandikwa. Korosho zinakwenda ghala kuu, kisha zinauzwa mnadani. Malipo yanakuja baadaye, kwa kufuata kilo zile zilizoandikwa.

Sasa tuseme mzigo una kilo 86. Karani ana haraka, akaandika 68. Kilo 18 zimepotea. Tuseme bei ni shilingi 2,000 kwa kilo. Mkulima amepoteza shilingi 36,000. Hizo ni madaftari na sare za mtoto wa shule.

Yeyote anaweza kugeuza tarakimu. Lakini karani anayejua kwamba haraka humkosesha atasoma mizani mara ya pili. Karani anayejiona hana kasoro hatarudia. Tena akigundua kosa, atalifunika. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Na hapa kilio ni cha mkulima.

Hebu tutazame majibu manne

Mwombaji wa kwanza anasema, "Mimi sina udhaifu wowote." Wazee wanatazamana. Wanajiuliza, huyu tukimsahihisha atakubali?

Wa pili anasema, "Udhaifu wangu ni kupenda kazi mno, hata kula nasahau." Hizo ni sifa zilizovishwa kanzu ya udhaifu. Wanaouliza wamekwisha kulisikia jibu hilo mara nyingi.

Wa tatu anasema, "Mimi hesabu zinanishinda kabisa." Huyu ni mkweli, tumheshimu. Lakini hesabu ndiyo kazi yenyewe ya mizani. Kama zinakushinda kabisa, usidanganye ili upate kazi, maana utawaumiza wenzako. Omba kazi nyingine hapo chamani, huku unaendelea kujifunza.

Wa nne anasema hivi:

"Wazee wangu, mimi naandika polepole. Watu wakijaa na kupiga kelele, nikiharakisha nakosea. Kwa hiyo nimejizoeza kusoma tarakimu kwa sauti kabla ya kuandika, mwenye mzigo naye asikie. Na jioni najumlisha mara mbili. Tena kila siku nafanya mazoezi ya kuandika."

Hilo ndilo jibu. Lina mambo matatu. Kwanza, ametaja udhaifu wa kweli. Pili, ameeleza unavyoweza kuharibu kazi. Tatu, ameeleza anachofanya ili usiiharibu. Hakusema mengi. Ametaja kasoro moja, basi.

Yasiyo udhaifu

Wengine wakiulizwa swali hili husema, "Mimi ni mama mwenye watoto wadogo." Au, "Mimi ni mlemavu wa mguu." Ndugu, hayo si udhaifu wa kazi. Hiyo ni hali yako. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza mwajiri kubagua mtu kwa sababu ya ujauzito, ulemavu, kabila, dini au majukumu ya familia. Inamlinda hata anayeomba kazi. Usijitolee mwenyewe sababu ya kukataliwa.

Na wengine husema kwa sauti ya chini, "Mimi nimesoma ngumbaru tu." Hapo tunaomba tusikilizane vizuri. Mtu mzima alijua kwamba hajui kusoma. Hakuficha. Alipita mbele ya majirani, daftari mkononi, akaenda darasani. Leo anasoma gazeti hili. Je, huyo hajaonyesha kwamba anaijua kasoro yake na anaweza kuirekebisha? Hicho ndicho wanachotafuta wanaouliza! Basi usiseme "ngumbaru tu". Inua uso useme, "Nilijifunza kusoma ukubwani, na bado najifunza."

Tujiandae

Nyani haoni kundule. Kwa hiyo kabla ya siku ya usaili, muulize mwenzio wa nyumbani, au jirani mnayelima naye: "Kazini nina kasoro gani?" Akikujibu usikasirike. Chagua kasoro moja inayohusu kazi unayoomba. Anza kuirekebisha leo, ili siku ile usiseme uongo. Kisha jizoeze kujibu kwa sauti, mwenzio awe ndiye mwuliza maswali.

Hata usipoipata kazi, hutakuwa umepoteza. Utakuwa umeanza kurekebisha kasoro uliyokuwa nayo.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Kwa nini jibu la "Sina udhaifu" halifai?
2. Karani akikosea kilo akaficha, nani hupata hasara?
3. Wewe ungejibu nini kama ungeomba kazi ya ulinzi wa ghala?