Mweka Hazina Akinunua Simu ya Kugusa

Wengi mnaniuliza: tukiacha kabambe, pesa za M-Pesa zitabaki ndani yake? Hapana. Pesa ziko kwa akaunti ya laini, na laini ikihama zinafuata.

Kinachobaki nyuma ni meseji. Michango ya wanachama inaonekana kwa zile meseji, na nyingi zimo ndani ya simu yenyewe. Kwa hivyo kabla ya kuuza kabambe, mweka hazina akae na katibu, wanakili kwa kitabu: tarehe, jina, kiasi, na ile kodi ya herufi na tarakimu. Ni kazi ya jioni nzima, lakini bila hiyo ugomvi hauishi. Nambari za wanachama pia ziandikwe.

Simu mpya nyingi hutumia kadi ndogo zaidi. Tafadhali msikate ya zamani kwa wembe! Mwenye laini aende dukani kwa kampuni na kitambulisho, apewe kadi mpya ya nambari ile ile.

Chaji nayo haitafika wiki. Ni siku moja, labda mbili.

Na kijana anayewafundisha kuitumia asiambiwe nambari ya siri, hata akiwa mtoto wa mweka hazina.