Hesabu Inayourusha Mpira Kwenye Skrini

Vijana wengi wanaotaka kutengeneza katuni za kompyuta huanza kwa kupakua programu kubwa na kubofya vitufe mpaka kitu kisogee. Kinasogea kweli, ila hawajui kwa nini. Mimi huwashauri waanze na penseli na karatasi ya grafu, maana hesabu yenyewe ni ya sekondari.

Weka nukta tatu: A (0, 0), B (4, 8) na C (8, 0). Kisha chagua namba t kati ya 0 na 1. Hiyo ndiyo inayohesabu muda. Tuseme t ni robo. Kutoka A kwenda B, tembea robo ya njia: unafika (1, 2). Kutoka B kwenda C, robo ya njia ni (5, 6). Unganisha nukta hizo mpya, utembee robo tena: (2, 3). Hapo ndipo mpira ulipo. Rudia kwa nusu, utaukuta kileleni, (4, 4). Ukipitisha t yote, unapata tao halisi la mpira uliopigwa juu. B haiguswi kamwe. Kazi yake ni kuuvuta mstari upinde.

Njia hii aliibuni Paul de Casteljau mwaka 1959, akiwa mwanahisabati wa Citroën, Ufaransa, ili mabodi ya magari yaelezwe kwa namba. Kampuni ikaifanya siri. Pierre Bézier wa Renault, aliyeifikia mikunjo hiyohiyo kivyake, alichapisha kazi yake, na mikunjo ikabaki na jina lake. Naona de Casteljau alipunjwa, kwani hatua zake ndizo mwanafunzi anazoweza kuzifuata kwa mkono.

Kwenye msimbo, kazi yote ni mistari michache. Sinema kwa kawaida huwa na fremu 24 kwa sekunde, hivyo kwa tao la sekunde moja t huongezeka 1/24 kila fremu. Sasa jaribu hili, maana ndilo linalonivutia kuliko yote: mahali pa t, weka t mara t. Tao halibadiliki hata kidogo, lakini fremu ya 12 inapofika mpira bado uko (2, 3). Umeanza kwa uzito, na nusu ya pili utalazimika kukimbia. Njia umeipanga kwa nukta, mwendo kwa t, na kila kimoja unaweza kukirekebisha bila kukigusa kingine.

Ukiongeza nukta ya nne, ongeza raundi moja ya hatua zilezile. Ukitaka pande tatu, kila nukta ipe namba ya tatu, uihesabu kama zile mbili.