Simu ni yangu, ramani ni ya nani?

Wiki hii nilikusudia kukuletea yale mambo ya mavazi ya vijana wa Sinza niliyokuahidi, lakini yamenikuta makubwa na mkono unaniwasha. Nina kesi na simu yangu.

Jumamosi iliyopita tulipeleka mahari ya kaka yangu kule Madale. Anayeijua Madale ya barabarani asije akasema anaijua Madale. Naongelea ile ya ndani, ambako nyumba imesimama leo na njia itakuja mwakani. Tulikuwa watu saba kwenye Noah: baba mdogo ambaye ndiye mkuu wa msafara, shangazi kakumbatia kapu lenye vitenge na blanketi la bibi, mshenga kavaa koti la suti kwenye joto lile, na wengineo. Mimi, kwa vile ndiye mtoto wa mjini na nina simu ya maana, nikawekwa kiti cha mbele niongoze njia. Ukweni walishatuma lokesheni kwenye WhatsApp tangu Ijumaa usiku. Nikaigusa tu, ramani ikafunguka, nikaiegesha simu mbele ya dereva, raha mustarehe.

Hiyo ramani sikuichagua mimi. Ni ile iliyokuja ndani ya simu, na ukigusa lokesheni inafunguka yenyewe bila kukuuliza. Jina lake silitaji, maana kisa kama hiki kinaweza kukukuta na ramani yoyote, halafu mimi sina hela ya wakili.

Basi bwana, ile sauti ya kike ikawa inatuamuru kata kulia, kata kushoto, endelea mita mia tatu, na sisi tunatii kama askari kwenye gwaride. Tukaingia vichochoro, tukatoka, tukaingia tena, mpaka tukatokea ukingoni mwa korongo. Si mtaro, jamani, korongo! Kwenye kioo cha simu ule mstari wa buluu umelivuka kama vile pana daraja. Mama mmoja aliyekuwa anakaanga maandazi hapo jirani akatutazama, akacheka, akasema hapo wanapita mbuzi tu, na wenyewe ni wakati wa kiangazi.

Baba mdogo akanigeukia polepole. "Mwanangu, hiyo simu yako imewahi kufika huku?"

Nilitamani korongo linimeze.

Aliyetuokoa ni kijana wa bodaboda. Katoa simu yake, kioo kimepasuka mara tatu, bei yake haifiki hata robo ya simu yangu. Akafungua programu nyingine ya ramani, ile anayoipakua mtu mwenyewe na inayofanya kazi hata bando likiisha. Korongo lile limechorwa, na njia ya kulizunguka imechorwa. "Kaka, mimi hiyo ya kwako nilishaiacha siku nyingi," akaniambia, "inanipotezea abiria." Akatutangulia na pikipiki yake mpaka mlangoni.

Tulichelewa dakika 55. Wazee wa ukweni wametununia ile mbaya, wakasema hawafungui mazungumzo mpaka ilipwe faini ya laki moja. Baba mdogo kabembeleza mpaka ikashuka elfu sitini. Nani alipe? Mwenye simu! Hayo ni malipo yangu ya makala mbili, na mhariri asinune nikisema hivyo.

Ndipo nikaanza kujiuliza. Simu nimeinunua kwa hela yangu. Kwa nini aliyeitengeneza ndiye aniamulie ramani ya kunipeleka ukweni?

Nikamfuata mshikaji wangu mmoja, fundi simu pale Kariakoo, kijana anayezijua hizi kampuni utadhani kazaliwa nazo. Yeye yuko upande wa kampuni moja kwa moja. "Mtu kajenga nyumba yake, kaweka na makochi yake," akaniambia huku anapuliza vumbi kwenye simu ya mteja. "Wewe mpangaji unataka kumlazimisha alete na makochi ya jirani anayegombana naye?" Nikamjibu kwamba mimi si mpangaji, nyumba nimeinunua. Akacheka, akasema soma masharti uliyobonyeza "nakubali" siku ya kwanza. Hapo kanipata kidogo, maana sijayasoma. Wewe umeyasoma?

Lakini hebu tuliangalie hili jambo kwao lilikozaliwa, huko California. Mwaka 2007 Steve Jobs alipoionyesha dunia iPhone ya kwanza, ramani iliyokuwa ndani yake ilitumia data za Google. Jamaa alitafuta duka la kahawa la Starbucks kwenye ramani mbele ya watu, akalipigia simu papo hapo na kuagiza kahawa 4,000, kisha akasema samahani nimekosea namba. Watu hoi kwa kicheko. Apple na Google walikuwa chanda na pete.

Pete ikachomoka. Mwishoni mwa mwaka huo huo Google wakatangaza Android, yaani wakaingia biashara ile ile ya simu. Na hapa nataka mtu asinidanganye kwamba kuna malaika kwenye hii hadithi. Oktoba 2009 Google walileta ile sauti ya kukuongoza kata kulia, kata kushoto, tena bure, lakini wakaiweka kwenye Android. Mwenye iPhone akabaki na ramani ya kutazama kwa macho. Siku hiyo hiyo hisa za TomTom na Garmin, wauza vifaa vya kuongozea magari, ziliporomoka. Mwenye ramani naye anajua kubana.

Apple wakaamua liwalo na liwe. Septemba 2012 wakatoa mfumo wao mpya wa simu, iOS 6, wakaing'oa ramani ya Google na kuweka ya kwao. Ukiboresha simu yako asubuhi, ramani uliyoizoea haipo tena. Na hiyo mpya, mpenzi msomaji, ilikuwa kasheshe! Daraja la Brooklyn la New York lilionekana limeyeyuka kama mshumaa. Kule Dublin, Ireland, kuna shamba linaitwa Airfield. Ramani ikaona jina hilo, ikaweka alama ya ndege kwamba hapo ni uwanja wa ndege, mpaka waziri wa sheria wa nchi akalalamika hadharani kwamba rubani mwenye dharura asije akatua kwenye mifugo.

Hayo ya kuchekesha. Ya Australia hayachekeshi. Desemba 2012 polisi wa jimbo la Victoria walitoa onyo kwa madereva, kwa sababu ramani hiyo iliuweka mji wa Mildura katikati ya hifadhi ya taifa ya Murray-Sunset, karibu kilometa 70 kutoka ulipo. Ni nyika isiyo na maji, joto linaweza kufika nyuzi 46. Polisi walisema wapo waliokwama humo hadi saa 24 bila chakula wala maji. Niliposoma habari hiyo nikalikumbuka korongo letu nikashukuru, maana sisi angalau palikuwa na maandazi.

Tim Cook, mkuu wa Apple, alishaandika barua ya kuomba radhi tangu Septemba 28. Na ndani ya barua akafanya jambo ambalo wafanyabiashara wengi wasingelifanya hata kwa fimbo: aliwaambia wateja kwamba wakati Apple wanarekebisha ramani yao, watumie za wapinzani, akazitaja Bing, MapQuest na Waze, na hata za Google na Nokia kupitia tovuti zao. Mwezi uliofuata ikatangazwa kwamba Scott Forstall, mkubwa aliyekuwa akisimamia mfumo huo, anaondoka.

Wakati huo wengi walikuwa wanaulizana, hivi Google wakileta programu yao ya ramani Apple wataipokea dukani kwao? Maana mwaka 2009 programu nyingine ya Google ya kupigia simu ilikataliwa, mpaka mamlaka ya mawasiliano ya Marekani ikaomba maelezo, na ilikubaliwa mwishoni mwa 2010. Safari hii walifungua mlango. Google Maps iliingia kwenye iPhone katikati ya Desemba 2012, ikiwa na ile sauti iliyokuwa ikinyimwa, na ndani ya saa 48 ilipakuliwa zaidi ya mara milioni 10.

Nani alipata hasara? Apple hawakufa. Simu ziliendelea kuuzwa, na ramani yao wakaipalilia miaka na miaka mpaka ikawa kitu cha maana. Wangewafungia wateja ndani na ramani ile ya daraja lililoyeyuka, sidhani kama wangekuwa na haraka hiyo. Hii ndiyo sababu nasema waziwazi: mtengeneza simu aruhusu ramani za wenzake, hata za adui yake.

Ila mlango una namna nyingi za kufunguliwa. Unaweza kumwambia mgeni karibu, halafu ukamkalisha uani. Kwa miaka mingi iPhone ilikuwa inakubali ramani nyingine ukae nayo, lakini ukigusa anwani kwenye ujumbe inafunguka ya mwenye nyumba. Kwenye kioo cha gari, kupitia mfumo wao wa CarPlay, ramani za wengine hazikuruhusiwa mpaka Septemba 2018. Ruhusa ya mtu kujichagulia ramani ya kufunguka yenyewe ilikuja Machi 2025, na ililetwa na sheria ya Umoja wa Ulaya, ikatolewa kwa watumiaji wa huko huko Ulaya. Mimi wa Mwananyamala wala sikuwemo kwenye orodha ya wageni.

Na Google nao walipata dozi yao. Kule Italia kampuni ya Enel X ilikuwa na programu ya kumsaidia mwenye gari la umeme kutafuta kituo cha kuchaji na kujiwekea nafasi. Ikaomba iingie kwenye Android Auto, mfumo wa Google wa kwenye magari. Ikakataliwa. Mamlaka ya ushindani ya Italia ikasema Google wanaipendelea Google Maps yao, na Mei 2021 ikawapiga faini ya Yuro zaidi ya milioni 102. Google walijitetea kwa habari za usalama na ugumu wa kiufundi. Februari 2025 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikasema kumkatalia mwenzako namna hiyo kunaweza kuwa ni kutumia ukubwa vibaya, isipokuwa kama kumruhusu kungeharibu usalama wa mfumo au haiwezekani kiufundi. Tena inaruhusiwa kumtoza malipo yanayostahili kwa kazi hiyo. Kwa maoni yangu hapo majaji wamepima vizuri. Mwenye nyumba hanyang'anywi ufunguo, ila akisema hapana atoe sababu ya kueleweka.

Fundi wangu hakukubali kushindwa. Akaniambia wewe unaongea ramani, hujui hiyo programu unayopakua inakufuata mpaka chooni. Inajua unakolala, unakokunywa, na kwa nani unapitia kabla ya kurudi nyumbani. Hapo nilinyamaza, si kwa hofu ya kitu chochote, mnielewe. Ni kweli Apple hujinadi kwamba ramani yao haifungamanishi safari zako na jina lako, wakati Google hela yao kubwa inatoka kwenye matangazo. Programu ya ramani isichujwe kabisa? La, ichujwe, na inayoiba siri za watu itupwe nje. Lakini ichujwe kwa kosa lake. Kuwa ya jirani si kosa.

Kuna wengine huwa wanasahaulika wakubwa hawa wakigombana. Ramani ya yule kijana wa bodaboda inatokana na OpenStreetMap, ramani ya dunia iliyoanzia Uingereza mwaka 2004, ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuichora na kuisahihisha. Hapa Dar kuanzia 2015 mradi wa Ramani Huria uliwakusanya wanafunzi wa vyuo na wakazi wa mitaa inayokumbwa na mafuriko, Tandale ikiwemo, wakatembea kwa miguu wakiandika mitaro, nyumba na vichochoro. Yule aliyelichora korongo la Madale simjui. Yamkini ni kijana kama mimi na wewe, aliyelivuka kwa miguu yake. Kazi yake inafika kwenye simu kupitia programu kama OsmAnd na Organic Maps, na wenye programu hizo hawana mawakili wa kwenda kugombana Luxembourg. Google wakifungiwa watapiga kelele dunia nzima isikie. Mwaka 2013 waliinunua hata Waze, mmoja wa wapinzani wenyewe. Hawa wadogo wakikalishwa uani nani atasikia?

Mimi nimeshapakua ya yule kijana. Bado ukinitumia lokesheni ukweni inafunguka ile ile ya zamani, inabidi ninakili, nitoke, niingie kwenye nyingine, nibandike. Kazi ya sekunde kumi, sawa, lakini jaribu kuifanya ukiwa umekaa mbele kwenye Noah, baba mdogo anakuhemea shingoni.

Sendofu ya shemeji ni mwezi ujao, kule kule. Kwenye kikao cha juzi baba mdogo amenivua cheo cha kuongoza njia. Amempigia simu yule kijana wa bodaboda mwenyewe, wamekubaliana elfu kumi na sahani ya pilau.