Foleni ya malori ina somo kwa mwanafunzi wa kompyuta

MWANAFUNZI anaweza kukariri maana ya klasi, obijekti na urithi, akafaulu mtihani, kisha akakwama siku ya kwanza kazini. Dawa ni kuandika programu mwenyewe, na mfano mzuri uko mipakani kwetu.

Chukua foleni ya malori Namanga. Kila lori lina namba ya usajili, uzito na shehena: hizo ni sifa. Linapanga foleni, linapimwa, linaondoka: hivyo ni vitendo. Klasi ni ramani ya lori lolote lile, na kila lori lililopo foleni ni obijekti iliyotokana na ramani hiyo. Kwa lugha ya Python, mistari 20 inatosha kuanzia. Uzito usibadilishwe kiholela. Ubadilishwe na kitendo cha kupima peke yake.

Wazo lenyewe lina asili ya namna hiyo. Miaka ya 1960, mjini Oslo, Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard wa Norway walibuni lugha ya Simula ili kuiga kwenye kompyuta mifumo yenye foleni. Toleo la Simula 67 ndilo lililoleta klasi na urithi.

Sasa ongeza basi. Lori na basi yote ni magari, hivyo yanarithi namba ya usajili na zamu ya foleni kutoka klasi ya Gari. Basi linaongeza abiria, lori linaongeza shehena. Huhitaji kuandika jambo moja mara mbili.

Mtihani halisi ni nchi. Kila nchi ina utaratibu wake wa ada za barabara. Anayeandika "kama ni Kenya, kama ni Uganda" katika mafaili kumi atalazimika kuyafungua yote Jumuiya inapopata mwanachama mpya, kama ilivyokuwa kwa Sudan Kusini mwaka 2016, Kongo 2022 na Somalia 2024. Akisahau faili moja, dereva atatozwa ada isiyo yake. Aliyeandika klasi ya Nchi yenye kitendo cha kukokotoa ada ataongeza klasi moja, bila kugusa foleni.

Mwalimu ampe mwanafunzi nchi ya tisa ya kubuni, kisha ahesabu mafaili ya zamani aliyoyafungua. Yakiwa machache, somo limeingia.