Umeme Ukikatika, Pumzi Kwanza, Joto Baadaye

Umeme ukikatika, wengi wanaofuga samaki wa mapambo sebuleni huhangaikia joto: watatafuta blanketi, watachemsha maji. Dar es Salaam au Mombasa hofu hiyo haina msingi, kwani chumba chenyewe kina joto la kumtosha samaki wa nchi za joto. Hata Nairobi mwezi wa Julai, tangi la lita 100 hupoa polepole, na blanketi likizungushiwa hupoa polepole zaidi. Kinachoua mapema ni kukosa oksijeni. Hewa tunayovuta ina oksijeni karibu asilimia 21, lakini lita moja ya maji ya nyuzi 25 hubeba miligramu 8 na ushei tu. Yakifika nyuzi 30, kiasi hicho hushuka hadi kama 7.5, huku joto lilelile likimfanya samaki ahitaji zaidi. Kwa hiyo mfugaji wa pwani, ambaye hata hita hana, ndiye mwenye sababu kubwa ya kuogopa giza.

Yapo mabwawa yanayokaa miaka bila pampu na samaki wake wananawiri, na wapo wanaotumia hoja hiyo kusema pampu ni anasa tu. Ni kweli, ila bwawa lina uso mpana na samaki wachache kwa kila mita ya maji. Oksijeni huingia pale maji yanapokutana na hewa, na kazi kubwa ya mapovu ya pampu ni kuutibua uso huo. Tangi refu jembamba lililojaa samaki linaishi kwa hisani ya pampu. Mimea haiokoi usiku, maana gizani nayo hutumia oksijeni. Aina ya samaki nayo ina uzito wake: kambare huvuta hewa juu ya maji, ndiyo maana mvuvi humkuta hai kapuni muda mrefu, na beta vilevile. Samaki wa miambani kutoka Ziwa Tanganyika, waliozoea maji yanayopigwa na mawimbi, hawana uwezo huo.

Mwenye pesa atasema anunue jenereta, mambo yaishe. Labda, kama yupo nyumbani kuiwasha, na kama ataiweka nje, kwa sababu moshi wake ndani ya nyumba huua watu. Lakini hesabu inaonyesha njia rahisi zaidi. Betri ndogo ya volti 12 na ampea-saa 7 ina kama wati-saa 84. Hita ya wati 100 ingeimaliza chini ya saa moja. Pampu ya hewa ya wati 4, hata tukitoa kinachopotea njiani, inaweza kupiga mapovu usiku kucha. Tarehe 25 Agosti 2023 sehemu kubwa ya Kenya ilikosa umeme kwa saa nyingi, na kwa kukatika kwa namna hiyo betri ya hewa ina maana kuliko ya joto. Asiye na betri achote maji kwa kikombe na kuyamimina kutoka juu mara kwa mara. Inachosha, lakini inafanya kazi. Wala asiwalishe samaki: watavumilia njaa siku kadhaa, ilhali chakula kinachooza hula oksijeni na kuzalisha amonia.

Kuna wanaolalamika kwamba tangi lenye samaki wachache halipendezi. Hilo ni suala la macho, na linajadilika; lisilojadilika ni kwamba kupunguza samaki ni kinga inayofanya kazi hata ukiwa safarini. Mambo mawili hupuuzwa mno. Pampu ya hewa iliyowekwa chini ya usawa wa maji inaweza, ikizimika, kuyavuta maji kupitia mpira wake hadi kwenye soketi, kwa hiyo iwekwe juu au ifungwe vali ya kuzuia maji kurudi. Na chujio la kopo lililofungwa likilala saa nyingi, bakteria wake hukosa hewa na kufa. Umeme ukirudi, usiliwashe hivyo hivyo: mwaga maji yaliyomo, suuza sponji kwa maji ya tangi, ndipo uliunganishe.