Ameokoka au anaokoka? Udhanaishi mitaani Eastlands

"Siku hizi hatukuoni kanisani. Kwani umerudi nyuma?" Swali hili si geni Kayole, Umoja wala Dandora, ambako Jumapili makanisa jirani hushindana kwa vipaza sauti. Kijana akiacha kanisa la mamake, akawa anasali kivyake, husemwa amepotea. Je, amepotea au anatafuta?

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wana istilahi inayotufaa hapa: udhanaishi. Ni falsafa inayoshikilia kwamba mtu hazaliwi na maana ya maisha mkononi. Huijenga kwa anayoyachagua. Wengi huifahamu kupitia riwaya ya Euphrase Kezilahabi, Kichwamaji (1974), ambamo Kazimoto anakosa maana ya kuishi na hatimaye anajiua. Ndiyo maana wanafunzi wengi hudhani mdhanaishi lazima awe mkana Mungu. Wapi! Søren Kierkegaard wa Denmark (1813–1855), anayehesabiwa kuwa mwasisi wa fikra hizi, alikuwa Mkristo, tena mkali. Ugomvi wake ulikuwa na kanisa la taifa lake, ambamo mtu alionekana Mkristo kwa kuwa tu amezaliwa Denmark. Akiwa mahututi hospitalini, alikataa kupewa sakramenti na kasisi wa kanisa hilo. Kwake, imani hairithiwi kama shamba. Kila mtu huiendea peke yake, bila hakikisho, huku akitetemeka.

Kiswahili chetu kinaijua tofauti hiyo. Tukiulizana "we ni dini gani?" tunataka jina la kundi, lile linaloandikwa kwenye fomu ya shule. Imani haina nafasi katika fomu. Mzizi wake wa Kiarabu ndio uliotupa pia amini na amana, na amana, kama tujuavyo, huulizwa aliyekabidhiwa, si jirani yake.

Kitenzi okoka ndicho kitamu zaidi. "Ameokolewa" ni kauli ya kutendwa: yupo aliyeokoa, hata asipotajwa. "Ameokoka" ni kauli ya kutendeka, nayo haisemi kazi ilifanywa na nani. Hutaja hali tu. Halafu kuna kiambishi -me-, kinachotangaza kwamba jambo limekwisha na matokeo yapo. Tunasema "nimeokoka" na hata tarehe tunaitaja. Ni nani Buruburu umewahi kumsikia akitoa ushuhuda kwamba "ninaokoka"? Kierkegaard, aliyesisitiza kwamba mtu huwa Mkristo kila siku upya, angeichagua hiyo -na-.