Mti "Unaoongeza Damu" Hupimwaje?

Katika kaunti za Migori na Homa Bay, kandokando ya Ziwa Victoria, upungufu wa damu una vyanzo vingi: malaria inayoharibu chembe nyekundu, minyoo inayonyonya damu, lishe yenye madini haba ya chuma, na selimundu ya kurithi. Kwa hiyo mtu akisema mti fulani "unaongeza damu", aulizwe kwanza: upungufu upi?

Mara nyingi maabara huanza na panya. Hudungwa fenilihaidrazini, kemikali inayovunja chembe nyekundu. Kisha kundi moja hunyweshwa dawa ya mitishamba na jingine maji matupu, huku himoglobini ikipimwa kwa siku kadhaa. Tatizo ni kwamba hata panya asiyetibiwa hupata nafuu, kwa kuwa uboho wake hutengeneza chembe mpya. Bila kundi la maji, mti usio na nguvu yoyote ungesifiwa bure.

Dawa za asili hazistahili dharau hata kidogo. Artemisinini ya malaria ilitokana na mmea uliochunguzwa China miaka ya 1970. Nigeria nayo iliidhinisha mwaka 2006 dawa ya selimundu, Nicosan, yenye mimea kadhaa, mtama ukiwemo.

Hata hivyo, mjamzito mwenye himoglobini chini ya gramu 11 kwa desilita asisubiri utafiti. Aende kliniki apimwe, ameze vidonge vya chuma anavyopewa, na aendelee kula mboga za kienyeji kama osuga na dek, ila chai aiweke mbali na mlo, maana huzuia chuma kufyonzwa.